Vidonge vya manjano, unga wa mlonge na choya kwa mgonjwa wa sukari: tununue au tupike?

Swali: Shikamoo. Mimi ni msomaji wa Tabata. Mama yangu ana miaka 61, ana kisukari na presha, na hospitali wamempa metformini ya sukari na amlodipini ya presha. Jirani amemletea mtu anayeuza virutubisho: vidonge vya manjano vilivyochanganywa na pilipili manga, unga wa mlonge na choya kavu, vyote kwa shilingi 85,000 kwa mwezi. Anasema vina viambata vya asili vinavyosafisha damu, na kwamba baada ya miezi mitatu mama ataachana na dawa za hospitali. Mama ameshakubali moyoni. Je, viambata hivi vina nguvu kweli au tunaibiwa? Na kama vyakula vina faida hiyo, tufanyeje hapa nyumbani?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Mfikishie mama salamu zangu, na kabla ya mengine yote mwambie asiache metformini wala amlodipini, hata kwa siku moja, kwa ajili ya unga au kidonge chochote. Sukari na presha haziumi mapema. Mtu anaweza kwenda sokoni, akahudhuria msiba Mbagala na kurudi, akajiona mzima kabisa, kumbe figo, macho na mishipa ya miguu inaendelea kuharibika. Aliyemwahidi kuachana na dawa hatakuwepo siku sukari itakapopanda. Katika biashara hii yote, hakuna linaloniumiza kama ahadi hiyo, kwa sababu wanaoiamini ni wazazi wetu waliokwisha kuchoka kumeza vidonge.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Viambata hivi vina nguvu, na huhitaji kuvidharau ili umkatae muuzaji. Mmea hauna pa kukimbilia. Jua likiuchoma, mdudu akiuvamia, ukungu ukiushika, unajilinda kwa kemikali unazotengeneza wenyewe. Wekundu wa choya, ukali wa tangawizi, uchungu wa mchunga na harufu ya karafuu vyote vinatokana na kemikali za namna hiyo. Tukizila, nyingine zinapita tu na kutoka, nyingine zinagusa mishipa ya damu, ini, utumbo na bakteria wanaoishi humo. Wajapani walianza kuzitafiti kwa mpango wa serikali katika miaka ya 1980, na mwaka 1991 wakaweka utaratibu wa kuruhusu chakula kiandikwe faida yake ya kiafya pale tu ushahidi unapokuwa umekaguliwa. Ulaya nayo ina mamlaka ya usalama wa chakula ambayo imekataa madai mengi kuliko iliyoyakubali. Yale yaliyokubaliwa yana jambo la kujifunza. Beta-glukani, aina ya nyuzinyuzi inayopatikana kwenye shayiri, imekubaliwa kuwa inapunguza kolesteroli, lakini mtu apate gramu 3 kwa siku. Mtindi umekubaliwa kuwa unamsaidia asiyepatana na sukari ya maziwa, lakini uwe na bakteria hai wa kutosha. Kila faida imefungwa na kiasi chake. Muulize muuzaji wa mama: kiambata gani, kiasi gani, kwa muda gani, na kilipimwa kwa watu wa namna gani? Asipoweza kujibu, hajui anachouza.

Kiasi peke yake hakitoshi. Kiambata kinaweza kuwa kingi kwenye mmea na kisifike kwenye damu kabisa, na hapo manjano ndiyo mfano wa wazi. Katika gramu 100 za unga wa manjano, kurkumini, yaani kile kiambata kinachosifiwa, ni kama gramu 3. Nacho hakiyeyuki kwenye maji, na kile kidogo kinachopenya ukuta wa utumbo kinabadilishwa haraka na ini na kutolewa nje. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini tupu, kiasi kikubwa sana kuliko unachoweza kula kwenye mchuzi, na damuni karibu hawakuiona. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, kiambata kinachofanya pilipili manga iwe kali, kiwango kilichoingia kwenye damu kilipanda mara 20. Habari hiyo ndiyo iliyowafanya watengenezaji wachanganye manjano na pilipili manga, na utaisikia kwa kila muuzaji kuanzia Kariakoo hadi Mwenge.

Wasichokisema ni jinsi piperini inavyofanya kazi hiyo. Inapunguza kasi ya vimeng'enya ambavyo mwili hutumia kuvunja vitu vigeni, zikiwemo dawa. Amlodipini anayotumia mama inavunjwa na kimojawapo cha vimeng'enya hivyo. Kwa hiyo kidonge kilichotengenezwa ili kurkumini isitolewe mwilini kinaweza pia kuchelewesha kutolewa kwa dawa, na kiwango chake kikapanda bila daktari kujua. Tena, Italia na Marekani madaktari wameripoti wagonjwa walioumia ini baada ya kutumia vidonge vya manjano, hasa vile vilivyotengenezwa ili vipenye zaidi. Si wengi ukilinganisha na wanaovitumia, lakini mtu mwenye kisukari hana sababu ya kuingia kwenye bahati nasibu hiyo. Manjano ya kwenye mchuzi wa samaki au pilau, pamoja na punje za pilipili manga zilizomo, hayana tatizo hilo, kwa kuwa ni kidogo na yanaliwa na chakula. Aendelee kuyatumia. Ukiweza, nunua vipande vikavu au mzizi mbichi Kisutu au Kariakoo, usage mwenyewe. Bangladesh waligundua mwaka 2019 kwamba baadhi ya wasindikaji walikuwa wanatia rangi yenye madini ya risasi ili unga ung'ae, na risasi ni sumu ya ubongo.

Mlonge sitausema vibaya, maana ni mboga nzuri. Shida yangu ni hesabu zinazotumika kuuuza. Utaambiwa una vitamini C mara saba ya chungwa. Hesabu hiyo inalinganisha gramu 100 za mlonge na gramu 100 za chungwa. Chungwa moja linatosha kukupa gramu 100 na zaidi, lakini unga wa mlonge mama anachota kijiko cha chai, gramu 2 au 3 hivi. Na majani yakikaushwa, vitamini C nyingi inapotea. Protini ni vivyo hivyo: karibu robo ya uzito wa unga wa mlonge ni protini, jambo zuri kabisa, lakini robo ya gramu 3 haifiki hata gramu 1, wakati yai moja lina kama gramu 6. Kuhusu sukari, kuna tafiti ndogo za muda mfupi zilizoonyesha sukari haipandi sana baada ya kula, lakini hazitoshi kuutoa mlonge jikoni na kuupeleka kwenye kabati la dawa. Nyumba nyingi za Tabata, Kinyerezi na Kigamboni zina mlonge uani. Chumeni majani mabichi, muyapike kama mchicha, bakuli zima. Hapo mtakuwa mmekula mlonge.

Kuhusu kusafisha damu nitasema sentensi moja: kazi hiyo inafanywa na ini na figo, na njia ya kuzilinda kwa mama ni kudhibiti sukari na presha.

Neno lingine mtakalokutana nalo kwenye makopo hayo ni antioksidanti. Wazo lenyewe lina msingi. Mwili ukitumia hewa ya oksijeni kuchoma chakula, huzalisha chembe zinazoweza kuharibu seli, na viambata vya mimea vikiwekwa kwenye chupa ya maabara huzituliza chembe hizo. Lakini mwili hauendi kama chupa ya maabara. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali la kupima nguvu hiyo kwa kila chakula, na karafuu yetu ilikuwa karibu na kilele. Mwaka 2012 waliliondoa, wakieleza kwamba namba zile hazionyeshi kinachotokea ndani ya mtu, na kwamba makampuni yalikuwa yanazitumia kuuzia bidhaa. Hadi leo bado zinachapwa kwenye vibandiko.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa kila anayenunua kiambata kwenye kidonge aujue. Finland, miaka ya 1980, wanasayansi waliona kwamba watu wanaokula kwa wingi mboga na matunda yenye beta-karotini, ile rangi ya karoti, maembe, viazi lishe na iliyojificha kwenye kijani cha mchicha, wanapata saratani ya mapafu kwa uchache. Ikaonekana ni busara kuitoa beta-karotini na kuwapa watu peke yake. Walichukuliwa wanaume wavutaji sigara 29,133, baadhi wakapewa miligramu 20 kila siku kwa miaka mitano hadi minane. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Marekani walikuwa na utafiti unaofanana na huo, wakausimamisha kabla ya wakati mwaka 1996 kwa sababu nao ulionyesha ongezeko, asilimia 28. Hakuna karoti wala tembele lililowahi kuonyesha madhara hayo. Katika mboga kiambata kinakuja kidogo kidogo, kimefungwa ndani ya nyuzinyuzi, kikiwa na wenzake kwa mamia, na mwili una muda wa kuchukua unachohitaji. Kidonge kinamimina kimoja tu, kwa wingi ambao mwili haujauzoea. Wale watu wa awali huenda waliokolewa na mlo mzima, na beta-karotini ilikuwa ni alama tu ya kuwatambua wanaokula mboga.

Ndiyo maana ningeambiwa nichague kitu kimoja tu ndani ya chakula kwa ajili ya mama yako, ningeacha vyote vyenye majina makubwa nikachagua nyuzinyuzi. Najua hazina mvuto, kwani ni yale makapi ya dona, ngozi ya maharage, uti wa mchicha. Hazimeng'enywi na tumbo letu, na huko nyuma wengi walidhani hazina kazi zaidi ya kulainisha choo. Aliyelifanya jambo hili lisikike duniani ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi. Aliona kwamba magonjwa ya utumbo aliyoyazoea kwao Uingereza ni nadra kwa wagonjwa wake wa Afrika Mashariki, na katika miaka ya 1970 akaeleza kuwa mlo wenye nyuzinyuzi nyingi ndio tofauti kubwa. Hapa kwetu Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa mizizi, ubuyu, matunda ya porini, asali na nyama, wamekadiriwa kula gramu 100 za nyuzinyuzi kwa siku na zaidi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau gramu 25. Sahani ya chips mayai na soda haikaribii hapo.

Nyuzinyuzi zinafanya kazi mara mbili. Juu, kwenye tumbo na utumbo mwembamba, zinachelewesha wanga kugeuka sukari na kuingia kwenye damu, kwa hiyo sukari inapanda taratibu badala ya kuruka. Chini, kwenye utumbo mpana, zinakuwa chakula cha bakteria, nao huzichachusha na kutoa asidi ndogo za mafuta. Moja inaitwa butireti. Ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana, inasaidia ukuta huo usivuje, na inatuliza mfumo wa kinga usiwake ovyo. Hilo la mfumo wa kinga lina uzito kwa mama, kwani kisukari cha ukubwani na magonjwa ya moyo huenda pamoja na uvimbe wa chinichini mwilini, ule usioonekana kwa jicho wala kuuma, lakini unaopimika kwenye damu.

Na hapa tunao ushahidi wa nyumbani. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Walishiriki wanaume vijana 77 wenye afya njema, wa mjini na wa vijijini. Vijana wa kijijini waliozoea ndizi, maharage, nafaka zisizokobolewa na mboga walihamishiwa kwenye mlo wa kizungu wa vyakula vilivyosindikwa kwa wiki mbili. Wa mjini waliozoea mlo huo wa kisasa walipewa chakula cha asili kwa wiki mbili. Kundi la tatu walikunywa mbege, pombe ya asili ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Kwa wale waliotoka kwenye mlo wa asili, viashiria vya uvimbe kwenye damu vilipanda, na seli zao za kinga zikawa dhaifu zilipokutanishwa na vijidudu. Kwa waliorudi kwenye chakula cha asili, na kwa waliokunywa mbege, viashiria vya uvimbe vilishuka. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Wiki mbili tu, dada yangu, na damu ilikuwa imeshabadilika!

Sikuambii kwamba utafiti huo unaponya kisukari. Walikuwa vijana, wanaume, wazima, na kilichopimwa ni kinga na uvimbe. Wala simwambii mama anywe mbege, ina kilevi na yeye anatumia metformini. Lakini kwangu mimi unaeleza kitu ambacho kopo haliwezi: chakula walichokula babu zetu kina viambata vingi vinavyofanya kazi kwa pamoja, na sisi wa Dar es Salaam tumekiacha kwa kasi, sembe ikachukua nafasi ya dona, mkate mweupe ukachukua nafasi ya kiazi kitamu na muhogo wa kuchemsha.

Kwa hiyo jikoni kwenu anzieni hapo. Ugali wa mama uwe wa dona, au mchanganyiko wa mtama na ulezi, na uwe mdogo: robo ya sahani. Robo nyingine maharage, kunde, choroko au samaki. Nusu iliyobaki mboga za majani. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 13 hadi 15 za nyuzinyuzi, zaidi ya nusu ya mahitaji ya siku. Yalowekeni usiku kucha, mmwage maji, mpike kwa maji mapya. Gesi itapungua, na zitapungua pia faiteti zinazozuia madini ya chuma na zinki. Msitie magadi ili yaive haraka. Magadi yanaua vitamini B1, na kwenye kisamvu au mlenda yanaua na vitamini C. Dona nunueni kwa mtu mnayemwamini, au chagueni mahindi wenyewe mkapeleke mashineni, mkitupa punje zenye ukungu. Sumukuvu haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa sababu hiyohiyo simshauri mama uji wa ule unga wa lishe wenye nafaka kumi, soya na karanga ndani. Karanga zikisagwa pamoja na nafaka huwezi tena kuona iliyooza.

Umeniuliza tufanyeje, basi nikupe na mambo madogo ya mapishi, kwa kuwa huko ndiko viambata vinakopatikana au kupotea. Nyanya zikipikwa na mafuta kidogo hutoa laikopini, ile rangi yake nyekundu, nyingi zaidi kuliko mbichi. Mchicha, tembele na majani ya maboga yanahitaji mafuta kidogo ili beta-karotini ifyonzwe. Ukichemsha kwa maji tu, nyingi inapita bila faida. Kijiko kimoja cha mafuta kinatosha sufuria ya familia. Kitunguu saumu kipondwe, kikae dakika 10 kabla ya kuingia motoni, kwa sababu alisini, kiambata chake kinachosifiwa, haimo kwenye punje nzima. Inatengenezwa na kimeng'enya baada ya kupondwa, na moto unakiua kimeng'enya hicho. Kabichi na sukuma wiki nazo zikatwe kwanza, zisubiri kidogo. Chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, ikae mbali kwa saa moja, kwa kuwa tanini zake zinashika madini ya chuma ya mboga na maharage. Hilo lina maana zaidi kwako na kwa mabinti wa nyumbani wanaopata hedhi. Ndimu au ukwaju kwenye maharage unafanya kinyume chake, unasaidia chuma kuingia.

Kuhusu kiporo, watu hushangaa nikikitetea. Wali au ugali ukipikwa kisha ukapoa, sehemu ya wanga wake inajipanga upya na kuwa ngumu kumeng'enywa, inafanya kazi kama nyuzinyuzi, na hata ukipashwa moto sehemu yake inabaki hivyo. Faida yake ni ndogo, haigeuzi mlima wa wali kuwa mboga. Na kwa joto la Dar wali usilale juu ya meza, kuna bakteria wanaozaa humo sumu isiyoondoka kwa kupashwa. Uingie kwenye friji mapema. Kama hamna friji, sahauni habari ya kiporo.

Katika vitu vitatu vya yule muuzaji, choya ndiyo yenye ushahidi ulio bora. Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, mwaka 2010 kilichapisha jaribio la watu 65 wenye presha iliyopanda kiasi, ambao hawakuwa kwenye dawa. Waliokunywa vikombe vitatu vya chai ya choya kwa siku, wiki sita, presha yao ya juu ilishuka kwa wastani wa pointi 7.2. Waliopewa kinywaji cha kuigiza walishuka pointi 1.3. Kwa chakula, hayo ni matokeo ya kuheshimiwa. Ila mama yuko kwenye amlodipini, na choya inaweza kuongezea nguvu ya dawa. Aanze na kikombe kimoja, mpime presha nyumbani au duka la dawa lililo jirani, mwandike, na akisikia kizunguzungu anaposimama aache na amwambie daktari. Iwe bila sukari kabisa. Juisi ya choya inayouzwa stendi na maofisini imejaa sukari kiasi kwamba kwa mgonjwa wa kisukari ni soda ya rangi nyingine. Ubuyu uko hivyohivyo: unga mweupe wa ubuyu una nyuzinyuzi nyingi na vitamini C, lakini ubuyu wa rangi nyekundu uliopikwa na sukari ni peremende. Choya kavu kwa kupima ipo Kariakoo na Ilala, haihitaji kuja kwenye kopo. Na kama lengo ni presha, chumvi ndiyo ya kutazamwa kabla ya choya. Kikomo ni gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa vyote, na humo hesabuni vile vidonge vya supu vya kuungia mboga, vina chumvi nyingi kuliko mnavyodhani.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, nalo kwangu ni zito kuliko manjano. Metformini ikitumiwa kwa miaka hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12. Upungufu wake huleta uchovu, ganzi na hisia ya kuchomwa sindano miguuni, na mara nyingi mgonjwa huambiwa ni kisukari tu. Mlonge hauna B12, manjano hayana, wala mmea wowote wa sokoni hauna ya kutegemewa. Iko kwenye samaki, mayai, maziwa, nyama na maini. Kwa mfuko wa kawaida wa Dar, dagaa ndio jibu langu, wa Mwanza, wa Kigoma au dagaa mchele wa Feri, kwa kuwa wanaliwa wazima na mtu anapata kalsiamu ya mifupa humohumo. Waliokaushwa kwa chumvi waosheni vizuri kwa maji ya uvuguvugu, wapikwe kwa nyanya na vitunguu badala ya kukaangwa. Lakini kama mama ana ganzi tayari, chakula hakitatosha. Mwombeni daktari ampime B12, na akikutwa nayo pungufu atapewa vidonge au sindano. Hicho ni kirutubisho ambacho nakiunga mkono bila kusita, kwa kuwa kuna upungufu unaopimika na dozi inayojulikana.

Hizo 85,000, basi, zigawanyeni kati ya maharage, dagaa, mboga za gengeni na stripu za kupimia sukari. Stripu ndizo zitakazomwonyesha mama kwa macho yake tofauti ya sahani ya dona na maharage na ile ya wali mweupe: apime kabla ya kula na saa mbili baadaye. Muombe pia daktari kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ili mjue kama mabadiliko ya jikoni yanafanya kazi. Yakifanya kazi vizuri, daktari mwenyewe anaweza kupunguza dozi.

Usigombane na mama kuhusu makopo. Mzee akiona anadharauliwa atayatumia kwa siri, na siri ndiyo inayoua. Mwambie yaende kliniki pamoja na dawa zake kwenye mfuko mmoja, mfamasia ayasome. Angalieni kama yana namba ya usajili, na muulize TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kama namba hiyo ni ya kweli. Na kama ameshaanza vile vidonge vya manjano, aviache sasa. Akiona macho yanageuka njano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, anawashwa mwili au anakosa kabisa hamu ya kula, msisubiri siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na kopo mlichukue.